Mwangwi wa Tangi la Kushoto

Walimwita Sikio, na jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa masikio yake, ambayo yalikuwa ya kawaida tu. Alilipata kazini. Kazi yake ilikuwa kusikiliza matangi kwa nje. Mtu akiwa na tangi lisiloruhusiwa kutobolewa, wala kufunguliwa, wala kuguswa na bisibisi, na bado akataka kujua ndani mna mafuta kiasi gani, alimtafuta Sikio. Naye alikuja na begi lake, akabandika chini ya tangi kidude kisichozidi kifuniko cha chupa, kikatoa mlio ambao mwanadamu hausikii. Mlio ule ulipenya chuma, ukapanda ndani ya mafuta mpaka yanapoishia, ukagonga pale juu na kurudi. Kwa muda uliotumia kwenda na kurudi, kidude kilijua kina cha mafuta. Basi. Wateja wengine walidhani ni uchawi, wengine walidhani ni utapeli, na Sikio alishachoka kuwabishia wote wawili.

Siku hiyo aliitwa kwenye boti kongwe ya abiria iliyokuwa imefungwa mwisho kabisa wa gati, mbali na vyombo vinavyofanya kazi. Ilikuwa mali ya makumbusho. Ilikuwa na jina lake la heshima, limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, lakini pale gatini hakuna aliyelitumia. Wote waliiita Ajuza. Mara chache kwa mwaka iliwashwa na kuwazungusha wageni majini, na safari ya mwisho ilikuwa imewatia aibu: dizeli iliisha katikati ya maji, mkurugenzi akiwa ndani na suti yake, wakavutwa kurudi na boti ya kuzoa takataka. Kumbe kioo cha kupimia mafuta kilivunjika zamani, na bomba la kuingizia kijiti cha kupimia lilikuwa limepinda, kijiti kikikwama kwenye kona na kudanganya.

"Sharti letu ni moja," mhifadhi alimwambia Sikio. Alikuwa dada mwembamba wa makumbusho aliyekuwa na kamera shingoni. "Hakuna kutoboa, hakuna kukata, hakuna kuchomelea. Siku tukikiondoa kifaa chako, boti iwe kama hakikuwahi kuwepo."

"Ndiyo maana mmeniita mimi, dada."

"Na rangi usiikwangue."

"Kidogo tu. Kama sarafu. Sauti haipiti kwenye rangi iliyovimba."

Mhifadhi alivuta pumzi kama mtu anayeombwa figo, akashuka mwenyewe kupiga picha mahali penyewe kabla hapajaguswa, akapanda tena kwenda kupokea simu.

Aliyebaki kumshikia tochi ni mtunzaji wa boti, mama wa makamo ya juu, mjane wa fundi mitambo wa mwisho aliyeiendesha injini ile. Alivaa koti la kazi la kiume lililokunjwa mikono, na kitambaa kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa kusikiliza?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Angalia kichwa. Hapa kila mgeni huacha ngozi kidogo."

Na kweli, hata kabla hajamaliza kusema, Sikio aligonga paji la uso kwenye bomba. Mama hakucheka, ila tochi ilitikisika kidogo. Wakainama kuingia ngamani, tumboni kabisa mwa boti, mahali penye harufu ya dizeli ya miaka na maji yaliyolala. Mama alipita chini ya mabomba bila kuyatazama, akikunja bega hapa, akiinua goti pale, kama mtu anayevuka jikoni kwake gizani.

Tangi la kulia lilikuwa tupu, halitumiki. La kushoto ndilo lenye mafuta, la chuma kizito kilichoungwa kwa ribiti, pini nene zilizopondwa vichwa. Sikio alilala chali chini yake, akapaka jeli ya kupitisha sauti, akaweka kidude, akasubiri. Kimya. Mlio uliondoka na haukurudi. Akasogeza. Kimya tena; hapo palikuwa na tope la dizeli lililoganda kwa ndani, likimeza sauti. Akasogeza mara nyingine, akapata mwangwi mwingi kupita kiasi, kwa sababu hapo palipita ubavu wa chuma wa kuimarisha tangi. Jasho lilimwingia machoni. Mama aliifuata mikono yake kwa mwanga bila kuambiwa, bila haraka, na bila lile swali ambalo wateja wote huliuliza: imekubali?

Hatimaye, kati ya ribiti mbili, mwangwi mmoja safi ulirudi.

"Umeupata," mama alisema.

"Umejuaje?"

"Umeacha kuuma mdomo."

Sikio akakwangua rangi ya ukubwa wa sarafu, akasugua kwa msasa laini, akabandika kidude kwa gundi inayoweza kuyeyushwa siku ya kuondoka, akavuta waya mpaka kwenye kisanduku cha kupeleka taarifa alichokifunga kwa kamba pembeni, kwa sababu skrubu ilikuwa marufuku. Mama alikiangalia kidude kile kwa muda.

"Kwa hiyo hiki ndicho kitakuwa kinapima mafuta."

"Ndicho."

"Kinapima mafuta tu?"

"Mafuta tu, mama."

Hakumdanganya. Ila hakumwambia kwamba kipimo kingekuwa kinatumwa kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye simu yake yeye Sikio, ili akihakiki kwa miezi ya mwanzo. Hakuona sababu ya kumchosha mama wa watu na mambo hayo. Walipopanda juu, mhifadhi alimtania mama: "Ajuza sasa amepata daktari!" Mama akajibu, huku akijipangusa mikono, "Ukisema Ajuza sema vizuri, maana sijui kama ni boti au ni mimi." Wakacheka wote watatu, na Sikio akaondoka.

Alikokuwa anarudi ni mji mwingine, chumba na sebule juu ya karakana ya washonaji. Siku za kazi cherehani zilinguruma chini yake kutwa, na alizilaani. Jumapili zilinyamaza, na hapo ndipo alipozikumbuka. Mkewe alikuwa ameondoka bila ugomvi. Watu walimpongeza kwa hilo, wakasema mmeachana kistaarabu. Yeye aliliona ndilo baya zaidi, kwa sababu ugomvi mtu unaweza kukumbuka ulianzia wapi. Hawakujaliwa watoto. Vyombo waligawana, na katika kugawana akabaki na sufuria kubwa, ile ya kupikia watu wengi, akawa anachemshia mayai humo.

Dada yake mkubwa alimpigia simu kila alipopata wasaa wa kugomba.

"Umekula?"

"Nimekula, dada."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Chakula gani kisicho na jina? Njoo huku ukae na sisi hata wiki."

"Nina kazi."

"Kazi ya kusikiliza mapipa! Watu huna muda wa kuwasikiliza, mapipa unao."

Alikata simu akitabasamu, na tabasamu lilikaa kidogo usoni kabla ya kugundua kwamba hakuna mtu wa kuliona.

Ni Jumapili moja ya namna hiyo alipofungua simu kuangalia tangi la kushoto. Mstari wa kuonyesha kina cha mafuta ulikuwa umetulia vizuri. Mchana joto lilipopanda, mafuta yalivimba na mstari ukainuka unywele. Jioni baridi ikija ukashuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Hilo alilitegemea. Ambalo hakulitegemea lilikuwa lile alilolikuta alasiri: ngazi. Mstari ulishuka kidogo, kwa muda wa kama saa, halafu ukatulia tena chini ya pale ulipokuwa.

Alikaa wima kitandani. Kuvuja? Kuvuja hakupumziki, kungekuwa mteremko wa mchana na usiku. Wizi? Mwizi wa dizeli hachukui kikombe, huja na madumu. Na boti haikupangiwa safari yoyote. Akageuza geuza jambo hilo mpaka likabaki jibu moja: kuna mtu amewasha injini, akaiacha ingurume polepole pale pale gatini, kisha akaizima.

Na mtu huyo hakuwa na haja ya kumtafuta. Aliyekuwa na ufunguo Jumapili ni mmoja tu, mama mtunzaji.

Wajibu wake ulikuwa kumpigia mhifadhi. Alifika mpaka kwenye namba, akaitazama, akaweka simu chini. Akajiambia atahakikisha kwanza wiki ijayo. Wiki iliyofuata, alasiri ile ile, ngazi ikaja tena. Akajiambia kipimo kinahitaji muda kukomaa. Mwezi haukuisha kabla hajaacha kujiambia chochote.

Alianza kumsubiri. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Jumapili alianza kuamka akafua, akapiga deki, akapika kitu chenye jina, akavaa shati safi, akaketi dirishani na simu mbele yake. Saa ile ilipokaribia alijikuta amenyamazisha redio. Mstari ulipoanza kuteremka alisema kwa sauti, peke yake chumbani, "Haya, mama kafika," akaanza kula. Alikula polepole ili wamalize pamoja, yeye sahani yake na mama injini yake. Ngazi ilipofika chini ikatulia, aliosha vyombo. Mtu mwingine angemwona kichaa. Lakini ilikuwa saa moja katika wiki nzima ambayo alijua kwa hakika kwamba mtu fulani, mahali fulani, anafanya jambo fulani, na yeye yumo.

Halafu ngazi ikakosekana.

Jumapili ya kwanza alisema mama ana mafua. Chakula kikampoa. Ya pili alijisemea labda kidude kimebanduka, akachunguza: mstari ulikuwa bado unainuka mchana na kushuka jioni, kidude kizima kabisa, tangi zima, mafuta yapo. Kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa mtu. Katikati ya wiki alipiga ofisini, akapokea karani aliyekuwa anatafuna kitu. "Mtunzaji wa boti? Sijamwona. Mimi nakaa huku mjini, gatini siendi. Kwani kuna tatizo la tangi?" Sikio akasema hapana, tangi halina tatizo. Namba ya mama hakuwa nayo. Hata jina lake hakuwahi kuuliza.

Jumapili ya tatu hakufua wala hakupika. Alipanda gari la asubuhi. Njia nzima alimwona mama amelala ngamani chini ya mabomba, tochi ikiwaka pembeni mpaka betri ikaisha. Alimwona hospitali asiye na wa kumletea uji. Alimwona kaburini. Alipofika kwenye geti la bandari, alimwulizia kwa mlinzi kabla hata ya kusalimia.

"Mama wa boti?" mlinzi alirudia, akipunguza redio yake. "Yupo huko ndani. Kapita muda mrefu tu."

Sikio akamshukuru. Alitembea gatini akiwa karibu kucheka.

Alimkuta chumba cha injini, kwenye kigoda, mikono mapajani. Injini mbele yake ilikuwa baridi, shaba zake zimesuguliwa zikang'aa. Mama aliinua macho, akamtazama kwa muda mrefu, na furaha yote aliyotembea nayo Sikio ikaishia mlangoni.

"Umekuja na askari au umekuja peke yako?"

"Shikamoo mama. Askari wa nini?"

"Usinichezee, mwanangu. Mimi mtu mzima." Hakuitikia shikamoo. "Yule binti wa kamera aliniita ofisini. Akanionyesha kompyuta, amefurahi kweli, ananiambia mama, tazama maajabu, tukiwa huku mjini tunaliona tangi lako. Akanionyesha mstari. Yeye anaona mstari tu, mimi nikaona Jumapili zangu zimepangwa hapo kama nguo kwenye kamba. Moja, nyingine, nyingine. Nikasema Mungu wangu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mlevi."

"Hajui kuusoma, mama. Hajui kitu."

"Lakini wewe unajua."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili ya kwanza."

Maji yaligonga ubavu wa boti, taratibu.

"Na ukamwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Kwa nini?"

Sikio alitafuta uongo wa heshima, akaukosa. Aliketi kwenye ngazi ya chuma, ili asiwe juu yake.

"Nilikuwa nakusubiri," alisema. "Jumapili kwangu hakuna kitu. Nikiona mstari unashuka najua umefika. Wiki hizi haukushuka. Nikadhani umeanguka. Nikadhani umekufa. Ndiyo nimekuja."

Alitegemea, mbele ya ukweli ule, uso wa mama ulainike. Haukulainika. Mama aligeukia injini, na alipozungumza alizungumza nayo zaidi kuliko naye.

"Tumeishi humu, mimi na marehemu. Kachumba kale pale nyuma, kitanda kimoja, mlango haufungi vizuri. Watu wananionea huruma, wanasema utalalaje na kelele hizo. Mimi nisipoisikia ndiyo silali. Ikizimwa usiku nashtuka, nadhani kuna jambo. Yeye alipokwenda, nimelala kwenye nyumba ya kimya. Nyumba nzuri tu, ina umeme, ina maji. Kimya, mwanangu. Kimya mpaka unasikia damu yako. Basi Jumapili nakuja, naipasha kidogo, napanda pale kitandani nafumba macho. Na yeye anakuwa yupo huku, anaipangusa. Simwoni, lakini ndivyo ilivyokuwa siku zote, nalala simwoni, yupo upande huu wa ukuta anaipangusa." Akaweka kiganja kwenye injini baridi. "Sasa unaniambia muda wote huo nilidhani tuko wawili, kumbe tuko watatu."

Sikio alikuwa amekuja akidhani amemletea mtu mpweke habari njema, kwamba hakuwa peke yake. Haikumjia akilini kwamba ile saa moja mama hakuwa mpweke hata kidogo, na kwamba yeye ndiye aliyeingia bila kubisha hodi.

"Nisamehe mama."

"Hukujua."

"Nilijua kiasi cha kutosha kukwambia. Sikukwambia."

"Hilo ni kweli," alisema mama, akainuka kufunga chumba. Walipanda juu. Gatini alimwuliza kama amekula. Sikio akasema amekula, na wote wawili walijua hajala, na hakuna aliyelisukuma jambo hilo mbele.

Hakurudi nyumbani siku hiyo. Alilala gesti, na Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa mhifadhi. Alikuwa amepanga maneno njiani: kwamba injini ya umri ule haifai kuachwa baridi kwa miezi, kwamba pete za pistoni hushika kutu, mafuta hulala, mipira hukauka, kwamba makumbusho iweke utaratibu wa kuipasha mara kwa mara. Yote yalikuwa kweli. Aliyasema kwa mpangilio mzuri, bila kumtazama usoni.

Mhifadhi alimsikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akafunga mlango.

"Nani ataipasha?"

"Mama anaweza. Ameishi nayo."

"Najua anaweza." Dada yule alikaa tena, akazungusha kalamu mezani. "Mwaka juzi nilisahau funguo zangu kwenye boti, nikarudi Jumapili kuzifuata. Nikiwa bado mbali nikaisikia. Nikadhani mwizi, nikakimbia. Nikafika karibu, nikachungulia kwenye kidirisha." Akaiweka kalamu chini. "Amelala na viatu. Ameweka mkono ukutani. Nikarudi zangu kinyumenyume. Nikalala kwa rafiki, sikuwa na funguo za nyumba."

Sikio alimtazama.

"Na ule mstari ulimwonyesha wa nini?"

"Mstari? Kwani kuwasha kwake kunaonekana kwenye mstari?" Mhifadhi alijishika mdomo. Alikuwa mtu wa kutambua mkwaruzo mpya kwenye mbao ya zamani, lakini hili lilikuwa limempita. "Ndiyo maana ananikwepa wiki hizi. Nikadhani anaumwa."

Walikaa pale, watu wawili waliolificha jambo moja kila mtu kivyake. Kisha mhifadhi akavuta kompyuta, akaandika kwenye mpango wa matengenezo kwamba injini ipashwe na mtunzaji wa boti, kwa kadiri atakavyoona inafaa, siku atakayoona inafaa. Mkurugenzi, ambaye bado aliikumbuka boti ya takataka, alikubali kabla sentensi haijaisha.

"Nimwambie kwamba nilimwona?" mhifadhi aliuliza.

"Tafadhali usimwambie. Tayari anatuhesabu watatu."

Ikabaki sehemu ya Sikio. Kidude hakikupaswa kuondoka. Boti haikupaswa kuishiwa mafuta tena majini. Lakini hakuna kilicholazimisha kitume mstari mzima, kila robo saa, na kuwaonyesha watu wengine maisha ya mama. Alikaa na kisanduku ngamani, peke yake safari hii, akibadilisha mipangilio. Kuanzia sasa kingenyamaza. Kingefungua mdomo siku moja tu: mafuta yakishuka chini ya kiwango cha kusafiria, kingetuma neno moja ofisini, jazeni. Mengine yote kingebaki nayo chenyewe. Akafuta kumbukumbu ya nyuma, ngazi zote alizokula nazo. Kidole kilisita juu ya kitufe. Halafu akaiondoa programu kwenye simu yake.

Alimkuta mama juu anasugua vipini vya shaba, akamweleza, kwa maneno ya kawaida, nini kimebadilika na ruhusa imeandikwaje. Mama aliendelea kusugua.

"Kwa hiyo hutaniona."

"Sitakuona."

"Hata nikianguka?"

"Hata ukianguka, mama. Ndiyo ubaya wake."

Mama aliliwaza hilo. Akatoa simu ndogo ya vitufe kwenye mfuko wa koti, akampa. "Andika namba yako humo. Andika Sikio, nijue ni wewe. Jumapili sikualiki. Ile ni yangu na yeye. Lakini kitu kikiharibika nitapiga."

Jumapili iliyofuata Sikio alipika kwa mazoea, akakaa dirishani kwa mazoea. Saa ile ikafika. Aliitazama simu, haikuwa na la kumwambia. Mafuta yalikuwa yanashuka, au hayashuki. Mama alikuwa amelala na viatu, au amekaa kwenye ile nyumba yake ya kimya. Chini, cherehani zilikuwa zimefunikwa. Alijaribu kula, akasikia jinsi kijiko kinavyogonga sahani. Wiki kadhaa zikapita hivyo, na hazikuzoeleka. Alianza kwenda matembezini alasiri, akipita mitaa ambayo hakuwa na shughuli nayo, akisalimia wenye maduka yaliyofungwa nusu. Wengine waliitikia.

Simu ilipolia ilikuwa Jumatatu, yuko juu ya ngazi kwenye tangi la kiwanda, mikono imejaa jeli. Namba ngeni.

"Sikio?"

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi wa boti. Sikiliza, hii injini inatoa moshi mweupe. Jana. Na silinda ya nyuma kama inaruka, inapiga, inakosa, inapiga. Marehemu alikuwa anatoa kitu anakisafisha, lakini vidole vyangu havina nguvu ya ile nati."

"Ni nozeli, mama, ile ya kunyunyizia mafuta. Usiiguse. Nakuja."

"Sijasema ukimbie."

"Nakuja kesho."

Alifika na spana zake. Kutoa nozeli kulichukua asubuhi nzima, maana nati ilikuwa imeng'ang'ania na mhifadhi alikuwa amesimama juu yao na kamera, akiguna kila spana ilipoteleza. Waliisafisha, wakairudisha. Mama akafungua mtungi wa hewa ya kuwashia, akasogeza gurudumu zito mahali pake, akavuta mpini. Injini ilikohoa, ikapiga, ikashika.

Sikio hakuwahi kuisikia. Kwa muda wote ule ilikuwa mstari tu. Sasa iliingia kwa miguu, ikapanda magotini, ikakaa kifuani, nzito, ya polepole, kila pigo likiacha nafasi ya kutosha kwa lijalo. Mama aliinamisha kichwa akisikiliza silinda ya nyuma. Akatikisa kichwa kukubali. Halafu alimgusa Sikio begani na kumwonyesha ngazi, bila ukali: panda juu.

Alipanda. Mhifadhi alikuwa ameshatangulia gatini na kujifanya anapiga picha kamba. Sikio alisimama kando yake, viganja vyeusi vya mafuta, moshi ukitoka safi kwenye bomba na kutawanyika juu ya maji. Chini, mlango usiofungika vizuri uligonga mara moja.

Ilipozimwa, mama alikawia kupanda. Alipotokea, kitambaa kilikuwa kimekaa upande na shavu moja lilikuwa na alama ya mto.

"Iko sawa," alisema. "Sasa nyie wawili mtakunywa chai au mmekuja kusimama?"

Wakanywa chai kwenye sitaha, kwenye vikombe visivyofanana. Mama alimwuliza Sikio kama ana mke, akajibu alikuwa naye. Hakumwuliza zaidi, alimwongezea sukari. Gari la jioni lilikuwa linangojewa, na Sikio alipoinuka kukusanya spana zake, mama alishika ile ya nati ngumu, akaipima uzito mkononi.

"Hii iache hapa," alisema. "Utaitumia ukija tena."